Kikombe cha Fundi Deo

Siku ile niliyomshusha Fundi Deo bondeni naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko nilichokula jana. Nimekuona hapa Katandala na hiyo pikipiki ya zamani uliyoinunua Namanyere, ile ya kuchanganya oili na petroli, nikaona nikuite ukae kwanza. Spana utaishika baadaye.

Yangu niliachiwa na marehemu baba. Alikuwa katekista, na pikipiki ile ilimzungusha vigango vyote vya huku juu Ufipa. Mama aliifunika turubai miaka minne, kisha akanikabidhi. Aliyekuwa akiitengeneza ni rafiki wa baba, Fundi Deo, mzee mfupi wa maneno machache, ambaye mashine ya kusaga ikiharibika popote ndiye aliyeitwa.

Basi nikaanza kuipamba. Nikaipaka rangi nyekundu, nikaweka usukani mrefu, nikaishonea kiti kipya. Hayo hayana ubaya. Mimi mwenyewe, usinione na mvi hizi, bado napenda chombo kilichopambwa. Ubaya wangu ulikuwa mwingine. Niliona aibu ya moshi, maana wasichana wa sokoni waliziba pua nikipita. Fundi Deo alikuwa amempa baba kikombe cha bati cha kupimia: kikombe kimoja cha oili kwa galoni ya petroli. Mimi nikawa natia nusu. Halafu nikang'oa vyuma vya ndani ya eksozi ili pikipiki ilie. Ikalia kweli, mpaka kuku wa jirani wakahama.

Fundi Deo aliiangalia siku moja, akauliza, "Moshi umeupeleka wapi?"

"Nimeupunguza, mzee. Siku hizi moshi ni ushamba."

"Moshi ndio unaokuonyesha kwamba imekula. Irudishie kikombe chake."

Nikasema sawa, mzee. Wala sikuirudishia. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na mimi wa kwangu niliufukuza mwenyewe.

Haikupita wiki, habari ikaja kutoka Muze kwamba mashine ya kusaga imesimama, akina mama wanatwanga mahindi kwa mchi. Gari la kwenda huko bondeni lilikuwa limeshaondoka. Fundi Deo akaja na mfuko wake wa spana, akapanda nyuma yangu.

Unaijua ile barabara inavyoshuka kutoka juu kwenda bondeni, kona juu ya kona. Nikaachia mafuta kabisa, sivuti hata kidogo, gia imeingia, nikaacha mteremko utusukume. Sasa nisikilize vizuri. Injini hizi hazina oili yake pembeni, oili inaingia pamoja na petroli. Ukiachia mafuta mteremkoni, pistoni inakwenda mbio huku ikiwa kavu. Baba alijua. Kila baada ya kona alikuwa akibana klachi na kuvuta mafuta kidogo, injini inywe. Fundi Deo alidhani na mimi najua, ndiyo maana hakuniambia tulipoanza kushuka.

Katikati ya mteremko akaanza kunipiga bega. Nikadhani mzee anaogopa mwendo. Nikacheka, mwanangu. Alikuwa akipiga kelele mgongoni kwangu, na mimi sikusikia neno hata moja, kwa kuwa eksozi ilikuwa ikinguruma.

Injini ikanoki, pistoni ikakamata ndani. Tairi la nyuma likakwama, tukaanguka. Mimi nilichubuka magoti. Yeye alitanguliza mkono wa kulia.

Nilimkuta amekaa kando ya barabara, mkono ameulaza mapajani, kifundo kimepinda. Hakugomba.

"Nilikuwa nakwambia uinyweshe," akasema. "Hukunisikia."

"Eksozi, mzee."

"Ndiyo. Uliing'oa mwenyewe."

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miguu yangu ilikuwa mizima. Aliyevunjika ni mkuu, na mpaka leo methali ile ikitajwa mbele yangu nainamisha kichwa.

Mkono uliunga vibaya. Hakuweza tena kufungua hata nati iliyolegea. Nilikwenda kwake na kuku wawili, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Akasema, "Radhi nimekupa. Sasa shika spana." Toka siku hiyo, miaka sita, yeye alikuwa akisema na mimi nafanya. Mashine zote za kusaga alizozitengeneza tangu hapo, alizitengeneza kwa mikono hii. Ndivyo nilivyopata ufundi ninaokula nao. Niliulipia kwa mkono wa mtu mwingine, na kila nikifunga nati nalikumbuka hilo, linaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, pamba pikipiki yako upendavyo. Rangi weka, taa weka, kiti kishone cha chui ukitaka. Ila kabla ya kung'oa kitu, muulize aliyekiweka alikiwekea nini. Usiione aibu ya moshi. Mteremkoni inyweshe. Na mtu akikupiga bega, simama kwanza umsikilize, mengine yatafuata.

Kikombe cha bati ni hiki hapa, kichukue. Kilibonyea siku ile ile tulipoanguka, kilikuwa chini ya kiti, lakini kipimo ni kilekile. Mungu akusafirishe salama, wewe na kila utakayempakia, na mzeeke nyote mkiwa na mikono yenu.