Ng'ombe Niliyempelekea Mjomba

Katika miaka ya vita vya pili vilivyopita kwetu Bukavu niliwahi kuwa mshauri mkuu wa maendeleo ya mkoa na uwekezaji, au konseye kama watu walivyosema. Tafadhali usicheke mapema. Mkoa wenyewe niliushauri kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, kwa sababu nje ya ukuta ule mkoa uliishia pale kizuizi cha askari kilipoanzia. Habari za Shabunda nilizipata kwa marubani wa ndege ndogo zilizofuata dhahabu. Kamanyola ilikuwa karibu, lakini kufika kulitegemea nani ameamka vibaya kizuizini siku hiyo. Hata hivyo niliandika mipango ya barabara, ya masoko, ya viwanda vya maziwa, nikaipeleka ghorofa ya juu, na ghorofa ya juu ikaniteremshia wawekezaji. Walikuja na mikoba myeusi, wakakaa mbele yangu kwa adabu, wakasikiliza habari za kilimo cha bonde la Ruzizi huku wakitikisa vichwa. Kisha mmoja wao angeuliza, "Na mawe, Bwana Mshauri? Mawe ya madini iko wapi?"

Nyumbani mke wangu aliuliza kila jioni, "Leo umeshauri nini?"

"Maziwa."

"Basi ushauri na mutu mumoja atuletee, chai iko inatuchosha hivi nyeusi."

Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi waliojiita serikali. Sisi tuliokubali kuwafanyia kazi tulijiita watu wa ufundi, si wa siasa. Majirani walikuwa na neno fupi zaidi. Mimi nilikuwa mwalimu wa uchumi chuo kikuu, na nisingeingia katika jengo lile kama si rafiki yangu mmoja. Tulilala chumba kimoja bwenini, tukapika maharagwe katika sufuria moja isiyo na mfuniko. Siku ya ndoa yangu ndiye aliyesimama kando yangu kanisani kama msimamizi, na kwetu msimamizi wa ndoa si mtu wa picha tu. Ukigombana na mke wako, kwake ndiko unakopelekwa. Wanangu walimwita Papa Paren, yaani baba msimamizi. Waasi walipokuja, yeye akawa mkurugenzi wa kabineti, yaani ofisi binafsi ya gavana, akaja kwangu na kreti ya bia.

"Profe," aliniambia, "utafundisha hawa watoto uchumi ya Ulaya mupaka lini? Njaa iko hapa Bukavu. Kuja utusaidie kujenga."

Nilipenda neno lile, kujenga. Mwalimu wa uchumi anaishi na hofu kwamba hajawahi kujenga hata banda la kuku.

Mradi wangu wa kwanza ulikuwa mdogo, na nasisitiza kwamba ulikuwa mzuri. Mji ulikuwa unakula unga na vitunguu vilivyovuka mpaka. Nilitaka shamba la mfano karibu na Kavumu, kando ya barabara ya uwanja wa ndege, ambapo mboga na mbegu za viazi zingelimwa mwaka mzima, wanawake wa kule wakiwa ndio wenye kuuza. Lilihitajika bonde lenye maji. Bonde nililijua. Lilikuwa la mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye alilirithi kwa baba yake. Wakati wa kiangazi, vilima vinapokauka, familia yake yote ilikula kutoka mle: maharagwe, viazi vitamu, mboga za lengalenga. Vita vya kwanza vilichukua ng'ombe wake wote. Bonde vita havikuweza kulibeba.

Hapa lazima nieleze desturi yetu sisi Washi, maana kila kitu kimesimama juu yake. Kwetu kuna njia mbili za kupewa ardhi na mwenye nayo. Ya kwanza inaitwa bwasa: unaazima shamba kwa msimu, unaleta pombe, unavuna, unaondoka, mwenye shamba anabaki mwenye shamba. Ya pili ni kalinzi. Unaleta ng'ombe mbele ya chefu wa kilima, yaani mtawala wake wa jadi, na mashahidi. Ng'ombe akishapokewa, ardhi ni yako na ya watoto wako, na hakuna wa kukutoa. Karatasi za serikali zinapita juu juu, ng'ombe ndiye anayesema. Niliandika tasnifu nzima juu ya jambo hili. Ilipata wasomaji wawili: profesa wangu, ambaye alilipwa kuisoma, na rafiki yangu, aliyeipiga chapa kwa mashine ya kuazima.

Nilikwenda kwa mjomba, nikaketi, nikaeleza. Alisikiliza akichonga mpini wa jembe.

"Ni serikali ndio inataka?" aliuliza.

"Ni mimi, Mujomba. Serikali inasaidia."

"Kama ni wewe, sawa. Lakini bwasa. Misimu mbili, tuone."

"Bwasa," nikasema.

"Sema tena, mama wa nyumba asikie."

Nikasema tena, na mkewe, ambaye alikuwa anamenya mihogo mlangoni, akasema amesikia hata mara ya kwanza, hajawa kiziwi. Rafiki yangu ofisini naye alikubali bila kubisha. "Bwasa, bila shaka. Tuko watu ya kuheshimu wazee."

Siku ya kukabidhi shamba ilipangwa. Asubuhi hiyo rafiki yangu alinipitia nyumbani kwa gari la kabineti, na nyuma yetu lilifuata lori lenye askari na madumu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Katikati ya madumu alisimama ng'ombe, mtamba mwekundu mwenye pembe ndogo, akiyumba kila kona. Nikamwambia dereva asimame.

"Ile ng'ombe ni ya nini?"

Rafiki yangu aliniwekea mkono begani. "Profe, usikasirike. Ile haiko ya mradi. Ni mimi nakupa wewe. Mujomba yako alipoteza ng'ombe zote, na wewe, mupwa yake, mukubwa wa serikali, hujamupelekea hata mukia. Watu wanasema nini? Umupe kwa jina yako. Mimi ni paren ya ndoa yako, acha nikufanyie hii."

Sitaki kujifanya nilikuwa na mashaka. Nilishikwa na kilio, nikageukia dirisha nikajifanya natazama migomba. Tangu vita vya kwanza sikuwa nimesikia ng'ombe akilia katika ua ule. Nilijiona nikiingia nikiwa mtu.

Nikaingia nikiwa mtu. Kilima kizima kilikuwapo, chefu katika kiti chake, wazee wa mpaka wa shamba, watoto juu ya ukuta. Kasiksi ikazunguka. Nilizungumza habari za mboga, kisha nikachukua kamba ya yule mtamba, nikamvuta hadi mbele ya mjomba, nikasema kwa Kimashi, lugha yetu, kwamba mpwa amekumbuka nyumba ya mama yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba alimgusa ng'ombe mgongoni, kwa kiganja chote, akakiacha pale kwa muda.  Chefu alitikisa kichwa kukubali. Rafiki yangu, aliyekaa kando yake, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kiangazi kilipoanza, mke wa mjomba alikuja ofisini kwangu. Hakuwahi kufika jengo lile kabla. Mlinzi alitaka kumrudisha, nikasikia sauti yake kwenye ngazi: "Mwambie konseye ni muke ya mujomba yake anamuita, na nisipomuona nitaita kwa nguvu, Bukavu yote isikie." Nilimletea kiti. Hakukaa.

"Tulienda kupanda maharagwe," alisema. "Tukakuta senyenge na askari. Wanachimba udongo. Mashimo, mashimo. Wanachoma matofali. Wanasema shamba limenunuliwa."

"Nani amenunua?"

Aliniangalia namna mtu anavyomtazama mtoto anayeuliza nani amekula sukari na midomo yake ni myeupe.

"Si wewe ulileta ng'ombe?"

Nilipanda ghorofa ya juu bila kubisha hodi. Rafiki yangu alikuwa anakula ndizi za kukaanga juu ya gazeti. Nikamwambia niliyoyasikia. Hakukana. Hilo ndilo lililonishangaza, kwamba hakujipa hata taabu ya kukana.

"Profe, kila mutu sasa anajenga villa kule kando ya ziwa. Matofali inatoka wapi? Udongo ya lile bonde ni nzuri sana. Mboga utalima hata nyuma ya nyumba, mama yako anaweza."

"Ile ng'ombe ilikuwa zawadi. Ulisema ni yangu mimi."

"Nani alisikia?"

"Tulikuwa wawili ndani ya gari. Na dereva."

"Dereva ni wangu. Lakini kamba, kilima chote kiliona. Nani alishika kamba?"

Nilitazama viganja vyangu.

"Siku ya shamba, mbele ya chefu, mbele ya mashahidi, konseye mukuu anavuta ng'ombe anamupa mwenye shamba. Hiyo inaitwa namna gani? Ni wewe uliandika, mimi nilipiga chapa tu. Ile ukurasa ya mashahidi ilinichosha vidole." Akanisogezea sahani. "Kula kidogo. Umekonda."

Nimewahi kusalitiwa na benki, na serikali kadhaa, na hata na goti langu la kushoto, na yote hayo mtu anayatarajia. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kusoma kazi yako kwa makini kuliko mtu yeyote duniani, kurasa zote pamoja na tanbihi, ili siku moja apate pa kukukaba.

Niliacha kazi, jambo ambalo halikumtikisa yeyote. Kisha nikaomba baraza kwa chefu wa kilima. Kwa desturi njia ilikuwapo. Mjomba akithibitisha kwamba alimpokea ng'ombe kama mjomba, kutoka kwa mpwa, basi hakuna kalinzi, na waliozungusha senyenge wangebaki wezi wa kawaida, ambao angalau unaweza kuwaita hivyo. Neno lake lilihitajika, basi.

Tulikaa uani kwa chefu mchana, mawingu yakiwa yameshuka. Chefu alikuwa amevaa koti jipya. Sikulitazama sana.

"Nani alileta ng'ombe?" aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kama mupwa. Kumuona mujomba wangu."

"Ulikuja na gari ya nani?"

"Ya kabineti."

"Askari walikuwa ya nani?"

"Ya kabineti."

"Siku ile ulikuja kwa sababu ya mujomba ama kwa sababu ya shamba?"

"Zote mbili," nikasema, na mzee mmoja wa mpaka akacheka puani. Hata mimi ningecheka.

Chefu akamgeukia mjomba. "Wewe ndiye ulipokea. Ulipokea ng'ombe ya mupwa, ama ng'ombe ya shamba?"

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Nilimtazama. Nilitaka anitazame. Nilifikiri: sema tu, ni neno moja, hata kama huna hakika, sema kwa sababu ya mama yangu. Mkewe akakohoa.

"Siku ile," akasema, "nilipokea ng'ombe ya mupwa wangu. Nilifurahi. Leo sijui. Wakubwa wana maneno yao. Huyu mutoto ni wetu, lakini alikuwa kwao pia. Mimi sitaapa kwa kitu sijui."

Chefu akaamua ni kalinzi. Haikuchukua muda. Watu waliinuka, wakakung'uta nguo, wakaenda zao.

Nimelaumu wengi kwa siku ile. Chefu nimemlaumu, na koti lake. Rafiki yangu sina haja ya kumlaumu, mafanikio yake yanatosha kumshitaki. Vita vilipokwisha alipata cheo kikubwa zaidi, na matofali yale yako kwenye kuta nzuri za Bukavu, zikitazama ziwa. Mjomba nilimlaumu miaka mingi, kimoyomoyo, kwa sababu alikuwa mtu pekee ambaye uongo wake ungenifaa, naye akakataa kusema uongo. Sasa simlaumu. Aliulizwa kama ananijua, akajibu kweli.

Kwetu mgeni anasindikizwa hadi barabarani, na mpwa husindikizwa hata kupita barabara. Mjomba alitembea nami kutoka kwa chefu. Tulipita karibu na bonde. Mashimo yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai, na tanuri la matofali lilitoa moshi mzito, uliotambaa chini. Hakuna aliyegeuza kichwa. Tulipofika kwenye njia panda alisimama.

"Ng'ombe ina mimba," alisema. "Itazaa kabla ya mvua kuisha."

"Ni yako, Mujomba."

"Ni yangu, ndiyo. Imelipwa." Akafuta uso kwa mkono. "Siku ingine ukija kutusalimia, usilete kitu. Kuja mikono mitupu."

Kwetu hakuna anayeenda kwa mjomba mikono mitupu. Hata aliyefilisika huchukua kipande cha sabuni. Nilielewa kwamba hakuwa ananihurumia; alikuwa anajikinga.

Tangu siku hiyo nimekwenda mara nyingi, na nakwenda hivyo. Wananipokea vizuri, wananipa kiti, mke wa mjomba ananiletea maziwa ndani ya kibuyu na kusimama hadi ninywe. Mara moja tu, Krismasi, nilijisahau nikabeba kilo ya sukari. Mjomba aliuliza habari za watoto, za mama, za masomo. Wakati wa kuondoka mkewe aliichukua ile sukari pale mezani nilipoiweka, akaniwekea mkononi, akanikunjia vidole juu yake kwa upole.

"Watoto kule kwako watahitaji," alisema.