Chaneli ya Fundi Dakika

Walimwita Fundi Dakika kwa sababu kila aliyeuliza saa yake itakuwa tayari lini alijibiwa, "Dakika tano tu, keti." Wateja wa zamani walizijua dakika zake, wakawa wanakuja na gazeti. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ofisi. Watu wakipanda ghorofani, viatu vyao vilipita juu ya kichwa chake, na yeye aliweza kukuambia nani amechelewa kazini bila kuinua macho.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, yeye pamoja na mdogo wake. Walikaa meza moja miaka kumi na sita, bega kwa bega, kila mmoja na lenzi yake jichoni. Mdogo mtu alikuwa na mkono mwepesi kuliko kaka yake, na ulimi mwepesi kuliko mkono. Hakuweza kuona kosa akanyamaza. "Kaka," angesema, "hicho kibano unakishika utadhani unang'oa jino." Wateja walicheka, na Fundi Dakika naye alicheka, japo si kila siku.

Siku waliyoachana, alikuja mama mmoja wakili kuchukua saa ya marehemu mama yake. Akaivaa, akaitazama, ikasimama palepale mkononi mwake. Fundi Dakika aliifungua akakuta kijiti cha mhimili, chembamba kama unywele, kimekatika ncha. Dukani walikuwepo wateja wengine wawili. Aibu ikampanda, akasema kwa sauti, "Tusamehe, mama. Huyu mdogo wangu ana haraka. Ni mharibifu."

Mdogo wake alimtazama. Alivua lenzi, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Sawa, kaka," akatoka.

Siku nne baadaye, Fundi Dakika akifuta vumbi kwenye sinia yake mwenyewe, aliona kitu kinameta. Ilikuwa ile ncha. Hapo ndipo alipokumbuka: asubuhi ile mdogo wake alikuwa ametoka kununua betri, na aliyelirudisha gurudumu lenye mhimili ule mahali pake alikuwa yeye. Alipiga simu, haikupatikana. Alipouliza kwa ndugu, binamu mmoja akamwambia kijana wa watu amepanda lori, amevuka mpaka, na laini ameitupa. Baada ya hapo, kimya. Miaka tisa.

Ile ncha aliitia kwenye karatasi, akaikunja, na hakumwambia mtu.

Wazo la chaneli lilitoka kwa mwanamke mwenye studio ya picha, mlango wa pili. Alikuja kubadilisha mkanda wa saa, akasimama akimtazama anavyofanya kazi hadi chai yake ikapoa. "Fundi, hebu jirekodi," akasema. "Watu wanapenda kutazama kitu kikitengenezwa."

"Nani aache shughuli zake amtazame mzee akifungua skrubu?"

"Hujui watu wewe."

Alicheka akamwambia aende zake. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuweza kupita penye saa iliyofunguliwa bila kusimama. Kama yu hai, na kama ana simu, huenda siku moja kidole chake kitapita hapo. Jumamosi ile Fundi Dakika alinunua stendi ya simu.

Video ya kwanza ilikuwa ya dakika kumi na nne, na dakika tisa kati ya hizo ilionekana kisogo chake tu. Watazamaji wanne. "Mara mbili ni mimi," alimweleza mwenye studio, "moja mke wangu, na moja wewe."

"Mimi sijaitazama bado, Fundi."

"Basi mara tatu ni mimi."

Aliendelea. Kila wiki video moja. Baada ya miezi mitatu waliojiunga walikuwa kumi na mmoja. Mke wake, mwalimu wa hesabu, alichukua kalamu nyekundu pembeni ya madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Kumi na mmoja kwa miezi mitatu ni arobaini na wanne kwa mwaka," akasema. "Ukitaka elfu moja, mume wangu, ni miaka ishirini na miwili na ushee. Utakuwa umeshakuwa babu wa mababu."

"Mwenye studio anasema wengine huchukua miezi sita."

"Na wengine?"

"Miaka miwili. Na za wengine hazikui kabisa."

"Hapo amesema kweli."

Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alisimama ngazini akisoma majina. Waliojiunga hawatumii majina yao, watu wa mitandaoni. Kulikuwa na Simba Mpole, kulikuwa na Mama Maua, mwingine alijiita Nimechoka. Alilipima kila jina: je, hili mdogo wangu angeweza kujipa? Alipojiunga mtu wa kumi na mbili asiye na jina wala picha, alitembea siku nzima na furaha asiyoweza kuisema. Kumbe alikuwa mlinzi wa jengo.

Mke wake ndiye aliyemgundua. Alikuwa akipika huku video inacheza, akasikia maneno ambayo mumewe humalizia kila mara: "Kama kuna nilipokosea, niambie. Niambie tu, mdogo wangu." Alikuwa ameyasikia mara ishirini, akidhani ndivyo anavyowaita watazamaji. Siku hiyo alizima jiko.

"Mume wangu, chaneli hii ina mtazamaji mmoja, siyo?"

Alikwenda kabatini, akaleta ile karatasi, akaikunjua juu ya meza, na kwa mara ya kwanza akasema lililotokea. Mwalimu aliitazama ncha ile, ndogo kuliko chembe ya chumvi.

"Miaka yote hii shemeji yangu anaitwa mharibifu, na wewe unajua?"

"Najua."

Alikasirika siku mbili, akawa anamjibu "ndiyo" na "hapana" tu. Siku ya tatu akiwa anafunga mkoba kwenda shule, alisimama mlangoni. "Yule hanyamazi akiona kosa," akasema. "Unamtengenezea kazi safi ya nini? Kosea."

Ilimuuma. Baba yao asingemsamehe. Lakini wiki ile alichukua saa yake mwenyewe, akaifungua mbele ya simu, akatia mafuta pale pasipotakiwa mafuta, tena tone zima, likaenea kama supu. Akasema kwa utulivu, "Hivi ndivyo inavyotakiwa," akafunga.

Asubuhi ya pili simu ilikuwa imekwama kwa wingi wa ujumbe. *Mzee, umeizamisha!* *Nani kakufundisha?* *Fundi wa kukaanga saa.* Wengine walimtetea, wengine wakawatukana waliomtetea, na kila aliyegombana alimwita rafiki yake aje aone. Kwa mwezi mmoja walijiunga watu elfu tatu. Mwenye studio alikuja mbio na mkasi mkononi. "Ulifanyaje?"

"Nimeharibu saa."

Yalikuwa maoni mia nne na kumi na saba. Aliyasoma yote, na mengine mara mbili. Alitafuta kejeli fulani, utani fulani wa nyumbani, neno ambalo baba yao alikuwa akilitumia na mtu mwingine hawezi kulijua. Halikuwemo. Elfu tatu walikuja, na yeye aliwahesabu kama mtu anayesubiri abiria mmoja anavyowatazama wengine wote wakishuka.

Wiki iliyofuata alirekodi jinsi ya kuisafisha saa ile, na hakukosea tena kwa makusudi. Chaneli ilikuwa imeshaota mizizi. Mwaka wa pili ilipita elfu tisa, na wa tatu ikakaribia elfu ishirini. Vifurushi vilianza kuja kutoka miji ambayo hajawahi kuikanyaga: saa za mababu, saa za harusi, saa zilizosimama tangu mwenyewe afariki. Mtu akamuuliza siri ya kukuza chaneli, akamjibu kwamba hajui, yeye alikuwa anatafuta kitu kingine.

Katika mwaka huo wa tatu kilikuja kifurushi kutoka kwa mwanamke wa nchi jirani. Ndani mlikuwa na saa ya kike, ya kutia ufunguo, inayochelewa kidogo. Aliiweka chini ya taa, akawasha simu kurekodi, akafungua mfuniko wa nyuma.

Mafundi wa saa wana desturi. Anayemaliza kazi hukwaruza alama yake upande wa ndani wa mfuniko, pamoja na mwezi na mwaka, ili fundi atakayefuata ajue aliyetangulia. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Pale palikuwa na ndoano ndogo yenye nukta mbili, alama ya mdogo wake, na chini yake mwezi wa tatu wa mwaka juzi.

Video hiyo ipo. Utamwona amekaa dakika mbili na nusu, mikono imetulia mezani, viatu vya watu vikisikika juu. Kisha anaisogeza saa karibu na lenzi, anakagua skrubu moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja yenye mkwaruzo. Mafuta yamewekwa kwa kipimo. "Safi," anasema peke yake. "Kazi safi sana."

Alimpigia yule mwanamke kwa simu yake nyingine. Naye akasema aliinunua kwa fundi aliyekuwa akikaa pembeni ya kituo cha mabasi, mtu mwembamba, mcheshi. "Nilimrudia mwaka huu ilipoanza kuchelewa, ndugu yangu, sikumkuta. Pale sasa panauzwa miwani. Wanasema amehama."

"Wapi?"

"Hawajui."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima wa afya kabisa. Alinisimanga kwa kuivaa saa nikifua nguo."

Fundi Dakika alicheka mpaka akashika meza.

Kabla ya kuifunga saa ile aliigeukia simu iliyokuwa bado inarekodi. Alisema hakuna saa leo ya kufundisha. Alisema kwamba miaka kumi na miwili iliyopita alimwita mtu mharibifu mbele ya wateja watatu, na mharibifu alikuwa yeye. Alikunjua karatasi, akaionyesha ncha, ingawa simu haikuweza kuinasa. "Walisikia watu watatu," akasema. "Sasa wasikie wote. Mdogo wangu, kosa lilikuwa langu, na nililijua siku ya nne."

Kisha akachukua sindano, akakwaruza alama yake chini ya ile ndoano, na tarehe ya siku hiyo, akaifunga saa akaituma kwa mwenyewe.

Watu elfu hamsini wameitazama. Mama wakili naye aliiona. Alishuka ngazi siku moja, akasimama mlangoni, akamwambia, "Mungu akukutanishe naye," akaenda zake. Maoni huja bado. Mmoja kaona fundi mwembamba kwenye mji wa bandari, mwingine kwenye soko la mpakani. Mmoja alituma hata picha, ikawa ya mtu mwingine kabisa, mwenye masharubu. Fundi Dakika humshukuru kila mmoja kwa jina alilojipa. Mke wake siku hizi humsaidia kusoma, yeye akianzia juu na mumewe akianzia chini, wakikutana katikati bila kitu, na Jumamosi anarekodi nyingine.