Chira ya Rangi ya Chungwa

Daktari aliniuliza kama niliwahi kuugua kifua kikuu, nikajibu hapana bila kupepesa macho. Nilikuwa nimetoka Ndhiwa hadi Nairobi kupimwa afya, maana nchi anakofanya kazi mume wangu haimpi mtu ukaazi wa kudumu kabla ya kumchungulia mapafu. Nilijiona buheri wa afya.

Eksirei ikaonyesha kovu. Daktari akaniuliza tena, safari hii kwa njia nyingine: utotoni, niliwahi kumeza dawa zilizogeuza mkojo ukawa wa rangi ya chungwa?

Nikakumbuka. Nilikuwa darasa la pili, nimekonda, nakohoa usiku kucha. Mama aliniambia ni chira, ugonjwa wa kudhoofika unaompata anayevunja mwiko, eti kwa sababu nilichuma mahindi mabichi shambani kabla nyanya hajaonja mavuno mapya. Akaninywesha dawa ya mizizi pamoja na vidonge vyekundu kila asubuhi. Nilipouogopa ule mkojo, alisema ndiyo chira inatoka. Nikaamini. Nilimpigia nyanya magoti kuomba msamaha, na nikaendelea kumwomba hata nilipokuwa msichana mkubwa, mpaka alipofariki.

Daktari alichukua makohozi akapime, akanionya kwamba nikionekana nimedanganya, maombi yangu yanaweza kukataliwa. Mimi, mwongo! Nilienda moja kwa moja Muhuru Bay kwa mama. Nilimkuta akigeuza omena, dagaa wa ziwani, alizoanika juu ya nyavu.

"Mama, nilikuwa na TB?"

Hakuinua kichwa. "Nyara, binti yangu, si ulipona? Sasa unataka nini tena?"

"Ilikuwa TB ama chira?"

"Wakati huo ukisema TB, watu wanasema ni ukimwi. Nani angekuja kukuoa? Chira inaweza kushika mtu yeyote."

"Na nyanya alijua?"

"Yeye ndiye alisema tuiite chira."

Nilitamani kuzimwaga zile omena zote mchangani. Nyanya alikuwa akinishika kichwa na kusema amenisamehe, huku anajua sikumkosea lolote. Niliondoka bila kunywa hata chai.

Jioni nilimpigia mume wangu simu. Nilijiambia kwamba angalau yeye yuko upande wangu. Nilimweleza yote huku nalia.

"Mama yako aliniambia kabla hatujaoana," akasema. "Akaniomba nisikwambie."

"Hata nilipokuwa naenda kupimwa?"

"Nilifikiri haitaonekana."

Nikakata simu.

Makohozi yalitoka safi, maelezo yangu yakakubaliwa, na sasa kibali kimekuja. Majirani wanapita kunipongeza, nami nawatilia chai. Sanduku liko wazi kitandani. Kila nikiweka nguo ndani najiuliza ni nini kingine mume wangu anachokijua kunihusu, kisha naitoa.