Kisu cha Kukatia Korosho

Miaka tisa nilichambua korosho kwenye ghala la chama chetu Newala, na miaka yote hiyo bosi wa ghala aliniambia kupima ubora si kazi ya mwanamke. Alisema bila haya: "Mama, wewe umezoea mkekani na wenzio. Endelea hapohapo." Kumbe wapimaji wake wote nimewafundisha mimi! Unachoma bambo, kile chuma chenye ncha, juu ya gunia, katikati na chini, unatoa sampuli, unakata korosho mojamoja, unatenga nzima na mbovu. Wakishajua, wanavaa makoti meupe, mimi narudi mkekani kwa wanawake.

Nikaona isiwe tabu. Na yeye nitampima.

Nafasi ilipotangazwa tena, nilichapisha barua mbili. Yangu ilieleza kila ninachokijua. Ya pili ilikuwa ya kaka yangu wa Masasi, mwendesha bodaboda, aliyekubali huku anacheka mpaka machozi: elimu darasa la saba, uzoefu hana. Nilizipeleka siku moja, nikagongewa mhuri wa tarehe kwenye nakala zote mbili. Siku ya tatu kaka akapigiwa simu aende kuanza kazi. Mimi sijajibiwa hadi leo.

Basi nikamngoja bosi kwenye mkutano wa wakulima. Nikawaamkia wazee, wakaitikia, nikazitandaza nakala mezani. Akadai barua yangu ilichelewa. Nikamwonyesha mhuri. Loo, jinsi alivyotoka jasho! Mzee mmoja akasema walete korosho tuone. Kaka, niliyekuja naye, akapewa kisu, akajikata kidole. Nikapewa mimi, nikakata sampuli nzima bila kuinua macho. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi sana. Wakulima wakanipa kazi palepale, na yeye wakamwondoa ghalani akalime.

Msimu uliofuata akaleta korosho zake. Akavua kofia. "Mama, habari za asubuhi. Nyumbani hawajambo?" Miaka tisa hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani kwangu.

Nilichoma bambo, nikakata. Zilikuwa nzuri, sikatai. Daraja la kwanza lilibaki kutegemea korosho moja yenye doa dogo kama punje ya ulezi. Mkulima mwingine yeyote wa Chilangala au Tandahimba ningemhesabia nzima, na nimeshawahesabia wengi. Yeye akainama, akaitazama kiganjani mwangu. "Hiyo nzima, mama. Iangalie vizuri, nakuomba."

Nikaiangalia vizuri. Kisha nikaiweka upande wa mbovu, nikamwandikia daraja la pili, nikaita anayefuata. Akavaa kofia yake. Kwa jinsi alivyonitazama, alijua kabisa nilichofanya, kwa sababu yeye alikifanya miaka tisa.