Walisema Nina Karama ya Maono, Kumbe Nilikuwa Nafungua Barua Zao

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Ukisema upande wa Njombe inatosha. Nina miaka hamsini na sita, nina mume na watoto wanne, naishi Makambako. Tangu nikiwa shule naandika shajara kila siku, kwa hiyo haya sikumbuki kwa kubahatisha. Nimeyasoma tena wiki hii, nikaona aibu mbele ya daftari langu mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikawa karani wa usharika wetu wa Kilutheri. Kijiji kizima kilitumia sanduku la posta la usharika. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, vijana wetu wametawanyika, wengine kwenye mbao, wengine mitumba, wengine malori, na habari zao zilirudi kwa barua. Ijumaa nilikwenda Njombe mjini kuzichukua. Jumapili baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa nikiita majina.

Nilianza kwa kuwasomea wazee wasiojua kusoma. Wao wenyewe waliniomba. Halafu nikanogewa kujua. Siku ya Jumamosi, nikiwa peke yangu ofisini, nilishika bahasha za watu wengine juu ya mvuke wa birika la chai, nikasoma, nikazibandika tena kwa uji wa ngano. Nilijiambia siibi kitu.

Uamsho ulipoingia usharikani, tabia hiyo ikavaa joho. Kwenye kikundi cha maombi nilifumba macho nikasema, "Kuna mama hapa, mwanawe amelazwa mbali." Mama analia, watu wanapiga makofi. Wakasema nina karama ya maono. Nami sikukanusha. Nilipenda walivyonipisha njiani.

Nilikuwa na rafiki, nimwite Atu. Mchumba wake alikuwa utingo wa lori Makambako, na miezi minne ilikuwa imepita bila barua. Akanijia, akapiga magoti. "Dada, niombee. Uniambie tu, hata kama ni baya." Kwa kuwa sikuona barua yoyote sandukuni, nilidhani najua. Nikamwambia, "Amepata mwingine huko. Bwana anasema mwache." Alilia, kisha akanishukuru.

Wiki ya pili barua ikaja. Lori lao lilipinduka, kijana akavunjika mguu, siku zote hizo alikuwa kitandani. Aliandika, "Nijibu kama bado unanisubiri, ndipo nimtume mshenga." Nilisimama na ile karatasi mkononi. Nikimpa, usharika mzima utajua maono yangu ni ya uongo. Shajara ya siku hiyo inasema: "Barua ya A. Nimeiweka. Nitampa wiki ijayo." Wiki iliyofuata sikumpa, wala iliyofuata. Kabla ya Pasaka Atu alikubali kuolewa na mgane mmoja wa Wanging'ombe, akahama.

Baada ya hapo nilishindwa kulala vizuri, lakini birika sikuacha. Mpaka siku ya maandalizi ya Meza ya Bwana, mchungaji alipotuambia tunyamaze, kila mtu ajihoji. Wenzangu walisema amina wakatoka. Mimi nikabaki kwenye benchi, nikamweleza habari za barua. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu: "Funguo za sanduku, mwanangu."

Nilitengwa na Meza miezi sita, kisha nikasimamishwa mbele ya usharika kutubu. Nilipomaliza kusema, bibi mmoja alitamka kwa sauti, "Kumbe malaika wake alikuwa birika!" Kanisa zima likacheka, hadi wazee wa baraza. Nilistahili.

Kuacha hakukuja siku moja. Mikono ilitulia mapema, moyo ulichelewa. Nikiona bahasha mkononi mwa mtu nilijisikia kama mwenye kiu. Kwa miaka niliomba ombi moja kila asubuhi: "Bwana, nitosheke na yangu." Sijui ni lini hasa ile kiu iliisha. Leo simu ya mume wangu inaita mezani naipita. Hiyo ni kazi ya Mungu, si yangu.

Lakini barua ya Atu sikuitaja, si kwa mchungaji, si kanisani. Nilijitetea kwamba ameshaolewa, nikisema nitamvunjia nyumba.

Mwezi uliopita tulikutana sokoni Makambako. Amezeeka kuliko mimi. "Kamwene, dada! Nimekutafuta!" Akanishika mikono yote miwili. Akasema mumewe amefariki, alikuwa mkali. "Kila aliponipiga nilijisemea, huyu ni Mungu aliyenichagulia kupitia dada yangu. Hilo ndilo lilinishikilia nisikimbie."

Nikamwambia kwa shida, "Atu, hukusikia kwamba nilitubu? Yale maono yalikuwa barua za watu."

Akacheka sana. "Nilisikia, tulicheka mpaka tukachoka! Lakini langu lilikuwa la kweli, dada. Mimi sikuwa na barua."

Kisha akaendelea, akasema binti yake wa mwisho ana mchumba aliyenyamaza ghafla, na Jumamosi atamleta kwangu nimwombee, nimwambie Mungu anasemaje. Niliitikia kwa kichwa.

Yule kijana wa lori ni babu sasa, ana mke na wajukuu, na wala sitaki kumvuruga. Lakini Atu ameishi miaka thelathini ndani ya neno nililolitunga mimi. Nikimwambia ukweli, namnyang'anya hata ile faraja iliyomfanya avumilie. Nikinyamaza, binti yake anapiga magoti mbele yangu kama mama yake alivyopiga, na toba yangu yote ya kanisani inakuwa maigizo.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mliowahi kuumizwa kwa jina la Mungu: mngependa kuambiwa, au mngependa kuachwa? Jumamosi wanakuja wote wawili. Nishaurini, nikiwafungulia mlango nimwambie Atu nini kwanza?