Kamba ya Kuku Mgeni

Kulielewa neno moja la binti yangu kumenigharimu majogoo wawili na mtetea mmoja. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili mtetea alikuwa yule anayetaga.

Nauza kuku hapa Shelui, malori yanapoegeshwa. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliolewa Itigi baada ya mavuno ya alizeti. Mwezi juzi aliniandikia kwenye simu: "Mama, huku bado nina kamba mguuni."

Nilicheka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nani asiyejua? Kila kuku ninayemtoa mnadani namfunga kwenye tendegu la kitanda. Akishazoea namfungua, na jioni anarudi mwenyewe. Nikajibu kama fundi: "Tulia mwanangu, watakufungua."

Kimya. Nikipiga, simu inaita mpaka inachoka. Nikawa nasonga ugali wa watu wawili, nala wa mmoja, unaobaki nawapa kuku. Wao hawaulizi ulikuwa wa nani.

Nikaipeleka simu kwa jirani yangu, kijana anayefundisha fasihi sekondari.

"Shikamoo mama." Akasoma. "Hii ni sitiari."

"Marahaba. Inatibika?"

"Inafundishwa. Jogoo mmoja kwa jioni."

"Jogoo mzima kwa neno? Lina nyama?"

"Mama, jogoo wako wa juzi naye hakuwa nayo, na nililipa."

Jioni ya kwanza alisema: mtu akiwa kama kuku, hiyo ni tashbihi. Ukitoa "kama", ni sitiari.

"Umepunguza neno, bei imebaki palepale?"

Ya pili alinieleza kwamba simu inayochoka ni tashihisi. Kumbe nilikuwa naitoa bure siku zote. Ya tatu jogoo waliisha, nikapeleka mtetea. Hakucheka.

"Mama, katika maneno ya binti yako, kuku ni nani?"

"Yeye."

"Na wewe ulimjibu ukiwa nani?"

Nilimjibu nikiwa mfungaji. Kamba ile nimeishika miaka yote upande wa mkono; upande wa mguu sijawahi kuuliza inakuwaje.

Asubuhi nilimfungua kuku mpya kabla hajazoea. Akashika njia ya Kinampanda, nilikomnunua, wala hakugeuka. Huyo hayumo kwenye hesabu ya mwanzo. Nilibaki mlangoni na kamba mkononi, nyumba nzima haina wa kumwambia.

Sasa ninyi mlioozesha mabinti mbali, nishaurini. Mama mkwe hafiki kwa mkwewe bila kualikwa, watasema nimekuja kukagua banda. Nipande basi hivyo hivyo? Au nimwandikie kwanza, na kama ni kuandika, nianze na neno gani, ambalo atalisoma akajua kwamba safari hii nimesikia?