Mama Alex wa Mtanda, anayepima sura kwa sinia

Saa tatu asubuhi. Nje, jua la Lindi limeshaanza kuuma, lakini ndani ya chumba cha mbele cha Rosalia Kornelio kuna giza la kupapasa. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na mwanya wa chini ya mlango umejazwa matambara. Mwanga pekee unatoka kwenye kioo cha runinga.

Rosalia, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, amepiga magoti sakafuni. Mkononi ana kamba ya katani yenye mafundo matatu. Ncha moja ameibana kwenye kioo cha runinga, nyingine anaivuta mpaka ilipo kamera, juu ya miguu yake mitatu. Fundo la kwanza ni la runinga ndogo, la pili la runinga ya kati, la tatu la zile kubwa wanazokuja nazo watu kutoka Dubai.

"Fundi cherehani ana futi yake, mimi nina kamba yangu," anasema huku akicheka. "Tofauti ni kwamba yeye akikosea, nguo inafumuliwa."

Nyuma yake, mkekani, ameketi Hafsa Ahmadi, binti wa miaka ishirini na sita anayeuza mchele katika njia panda ya Mingoyo. Amekumbatia mkanda wa video uliofungwa ndani ya kitambaa. Hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo mama yake, Bi Sada, bado anaonekana.

Kazi ya Rosalia ni hiyo: kupiga picha kilichomo ndani ya runinga. Watu wa mtaa wake wa Mtanda wanamwita Mama Alex, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wakimtania humwita "mvuvi wa vioo". Hana haja na jina hilo, ila hakasiriki.

Amezaliwa Newala, akateremka Lindi na wazazi wake akiwa mdogo. Mwaka 1986 aliajiriwa kufagia katika studio moja ya mjini. Alifagia, akatazama, akauliza, na mwenye studio alipohamia Dar es Salaam alimwachia kamera kuukuu pamoja na beseni za kusafishia picha. Kwa miaka kadhaa alipiga picha za paspoti tu, watu wameketi wima na macho yamewatoka.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Runinga na deki za video zikaanza kuingia, kwanza kwa wenye nacho, halafu kwa wenye ndugu wenye nacho. Harusi zikaanza kurekodiwa. Na mikanda ilipozeeka na waliomo kuanza kutangulia mbele ya haki, watu wakagundua kuwa hawana picha zao nyingine.

"Mtu wa kwanza alikuja na mkanda mwaka 1996," anakumbuka Rosalia. "Nikafikiri rahisi. Nikawasha flashi, nikapiga. Nilipoisafisha, nikakuta nimepiga jua kwenye kioo!"

Akajifunza kwa kuharibu. Flashi haitakiwi. Kasi ya kamera ikiwa kubwa, mstari mweusi unakata picha katikati. Ukiusimamisha mkanda, sura inatetemeka, na mkanda wenyewe unasuguliwa palepale mpaka unachubuka. Kwa hiyo yeye hupiga mkanda ukitembea, kama mtu anayedaka embe linaloanguka.

Kila runinga ina tabia yake, na Rosalia ameziandika zote katika daftari la shule. Ukurasa mmoja unasema: "Runinga ya Rosemary jirani, nyekundu mno, watu kama wamepakwa hina." Mwingine: "Ya nyumba ya wageni Mingoyo, inakata vichwa. Usiiamini." Kawaida yake ni kupiga sura moja kwenye runinga mbili tofauti, kisha kuzilinganisha. Zisipofanana, harudishi picha kwa mwenyewe mpaka ajue ni ipi iliyodanganya.

Wateja wake wengi ni wanawake wa Kiislamu, na ipo sababu. Mikanda ya sherehe za wanawake, ambamo kina mama wamevua mabuibui na kujiachia, haionyeshwi kwa wanaume. Rosalia ni mwanamke, na akimaliza kazi anamkabidhi mwenyewe hata negativu zake. Kwa picha moja hutoza shilingi elfu moja na mia tano. Hajawahi kutajirika, ila hajawahi kusengenywa.

Mpaka mwezi uliopita, alipomtundika aliye hai mahali pa marehemu.

Bi Sada alifariki Machi mwaka huu wa 1999. Hakuacha picha hata moja. Kila alipoiona kamera alijifunika mdomo na pua kwa upande wa kanga na kusema, "Sura yangu mnayo kila siku, picha ya nini?" Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na Hafsa aliyajua maneno hayo vizuri wiki ya tatu baada ya mazishi, alipoamka asubuhi akajaribu kuikumbuka sura ya mama yake, isije yote.

"Nilikuwa naona jicho, nikitafuta pua naikosa," anasema Hafsa kwa sauti ndogo. "Nikaogopa. Nikasema, huyu mtu nitampoteza mara ya pili."

Akaukumbuka mkanda wa harusi ya binamu yake, ya mwaka 1995. Aliupata kwa ndugu uvunguni mwa kitanda, umeota ukungu mweupe wa hewa ya pwani. Akaupeleka Mtanda.

Siku hiyo Rosalia aliutazama ukungu ule, akaingiwa na huruma. Katika kila mkanda wa sherehe ya wanawake huwa kuna sinia. Kina mama huliinua na kulipiga kama dufu, likiwa limeikabili kamera. Desturi ya Rosalia ni kulitafuta sinia hilo kwanza na kulipima kwa rula juu ya kioo, wima na ulalo. Likiwa duara, runinga inasema kweli. Likiwa kama yai, inadanganya, na nyuso zote zilizomo zinadanganya pamoja nayo.

Lakini sinia lilikuwa mwanzoni, na kurudisha mkanda nyuma ni kuusugua. Akaliruka, na runinga ya pili hakuijaribu. Umeme siku hiyo ulikuwa mdogo, picha ikajibana pembeni, na watu wote wa harusini wakakonda bila kuugua.

Wanawake wa upande wa kina Hafsa walikuwa wamevaa sare, kanga za aina moja, zaidi ya thelathini. Hafsa alimwona mwanamke mwembamba anayefanana na mama yake, akapiga kelele, "Huyo!" Rosalia akapiga.

Picha ikatundikwa ukutani asubuhi ya arobaini. Wanawake walipokuwa wakichambua mchele, akaingia dada wa marehemu, mama mkubwa wa Hafsa, amesafiri kutoka Kilwa Masoko. Ni mama mnene wa haja. Akasimama mbele ya picha, akashika kiuno.

"Jamani," akasema, "mbona mmenitundika mimi, nami nipo hai?"

Watu wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Hafsa hakucheka. Alizunguka nyuma ya nyumba akalia, kwa sababu alikuwa ameshindwa kumtambua mama yake mzazi.

Alipomrudia Rosalia na kumweleza, Mama Alex naye hakula siku ile.

"Kosa halikuwa la mtoto," anasema, na kicheko chake chote kimekwisha. "Nilimwonyesha mtu mnene amekuwa mwembamba, angemjuaje? Niliuhurumia mkanda, nikamdhulumu mtu. Hilo nitaulizwa."

Ndiyo maana leo wameanza mapema, kabla mashine za kusaga za mtaani hazijaanza kunguruma na kuuvuta umeme. Mkanda umefutwa ukungu kwa pamba, taratibu, kwa siku mbili. Rosalia amefanya mazoezi kwa mkanda mwingine mara sita. Kwenye runinga ya pili hawatajaribu, maana mkanda hauwezi kuchezwa mara mbili tena. Ameshasema wazi: ukikatika leo, hakuna kesho.

"Uko tayari, mwanangu?"

"Niko tayari, Mama Alex. Ila macho yangu siyaamini tena."

"Basi usiyatumie."

Deki inaumeza mkanda kwa mlio wa kukwaruza. Mistari inapita, kisha inatulia. Sinia linainuliwa. Rosalia anaruka na rula yake, anapima wima, anapima ulalo.

"Inchi tatu. Inchi tatu! Duara!" anasema, na haraka anarudi kwenye kamera.

Kina mama wa sare wanajaa kiooni. Wanaimba, wanayumba, kanga ni zilezile kila upande. Hafsa amefumba macho. Ubeti unakwisha, na kabla wengine hawajavuta pumzi, kigelegele kimoja chembamba kinapanda peke yake, kinakatika katikati kama kimejikwaa, kisha kinaendelea.

Hafsa anainuka mkekani. "Huyo! Mama Alex, huyo! Kigelegele cha mama kilikuwa kinajikwaa hivyo, ana pengo la mbele! Kwenye kila harusi tulimjua kwa hicho!"

Rosalia hapigi. Amemwona: mwanamke mwembamba, kona ya kushoto, anayefunika mdomo kwa kanga upesi kuliko kidole kinavyoweza kubonyeza. Sasa anageuza kamera kidogo na kusubiri ubeti unaofuata. Nyimbo za harusi zina huruma hiyo, kwamba kila ubeti una kigelegele chake. Midomo yake inahesabu. Ubeti unafika mwisho. Kanga ya mwanamke yule wa kona inashuka.

Kamera inalia mara moja. Ubeti mwingine, inalia tena. Kwenye ubeti wa nne kioo kinajaa mistari, deki inakoroma, na mkanda unajikunja ndani kama utumbo. Imekwisha. Rosalia anaingia chumba cha nyuma na filamu yake, na Hafsa anabaki mkekani na mkanda uliokufa mapajani.

Kusafisha picha kunachukua muda. Adhana ya adhuhuri inaadhiniwa, Hafsa anaswali, anarudi kuketi. Mlango unapofunguliwa, Rosalia ameshika karatasi iliyolowa maji, kwa ncha za vidole viwili.

"Sikuweza kumpata ametulia," anasema kama anayeomba radhi. "Mdomo uko wazi, ulimi unaonekana. Si picha ya heshima sana."

Hafsa anaitazama. Bi Sada yupo pale, kanga imeshuka kidevuni, kichwa kimerudishwa nyuma, pengo mbele, macho yamefinyana kwa furaha ya harusi ya watu.

"Ndiye," anasema Hafsa. Anaigusa pua ile aliyokuwa akiikosa. "Ndiye, Mama Alex. Ndiye huyu." Na hapo analia vizuri, kilio cha kushiba, na Rosalia analia naye bila kuona haya.

Picha ya mama mkubwa, anasema Hafsa baadaye akijifuta machozi, hataitupa. Mwenyewe ameiomba aipeleke Masoko, kwa kuwa hajawahi kuonekana mwembamba maishani mwake.

Rosalia anasema ana mpango. Kuanzia mwezi ujao, kila Ijumaa mchana, ataweka kiti barazani, na mama yeyote wa Mtanda ambaye hajawahi kupigwa picha atapigwa bure. Karatasi atazipata kwa kupunguza matumizi yake mengine. Anasema hataki tena kuwatafuta watu ndani ya runinga walipokwisha kuondoka. Anataka kuwapata wakiwa bado wanabishana naye.

Anaondoa mablanketi madirishani, jua linaingia, na anavuta kiti karibu na mwanga.

"Kaa hapo," anamwambia Hafsa.

"Mimi? Mimi wa nini, Mama Alex? Nimelia, sura imevimba."

"Kaa, mwanangu."

Hafsa anaketi. Rosalia anainama kwenye kamera, na palepale, bila mwenyewe kujua, mkono wa binti unavuta upande wa kanga na kuufunika mdomo na pua.

Rosalia anainua kichwa. Wanatazamana.

"Unaona?" anasema taratibu. "Haya, piga kigelegele."